Viti vya Kaimu

Siku ya Jumatatu, saa kumi na robo jioni, mama alikuwa ameketi kizingitini akishona kifungo cha tatu cha koti la kazi la binti yake, uzi mdomoni, aliposikia gurudumu linalia njiani. Kilikuwa kilio chembamba cha chuma kinachoomba mafuta. Aliinua macho. Binti alikuwa anakuja kwa mwendo wake wa siku zote, mkoba begani, na hatua mbili nyuma yake kilikuwa kinakuja kiti cheusi chenye magurudumu matano, kinakwepa mashimo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo nyuma yako?"

"Ni kiti."

"Macho ninayo. Cha nani?"

"Cha msimamizi."

Mama akakata uzi kwa meno. "Na msimamizi mwenyewe amekaa wapi?"

"Amesimama."

Binti akaingia ndani. Kiti kilisita mbele ya kizingiti, kikarudi nyuma kidogo kupata kasi, kikaruka, kikapita. Mama alisogeza miguu kukipisha. Mkono mmoja wa kiti ulikuwa umechanika na kufungwa plasta ya hospitali. Magurudumu yalikuwa na matope, na mama, ambaye matope ndani ya nyumba hakuyavumilia kwa mtu wala kwa kitu, alichukua kitambaa akayafuta yote matano kabla ya kuuliza swali lingine.

Binti huyu alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja katika idara ya kufulia ya hospitali kubwa. Alianza kwa kukunja mashuka. Akahamia kwenye mashine, akazijua moja moja kama mtu anavyowajua mbuzi wake, ipi mvivu, ipi inapiga teke ikijazwa sana, ipi inakohoa kabla ya kuzima. Mwaka wa nne, msimamizi wa zamani alistaafu, na binti akaletewa barua: unateuliwa kukaimu nafasi ya Msimamizi kwa muda wa miezi sita.

Mama alikuwa na elimu ya shule ya msingi tu, lakini barua alizisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Neno kaimu hakulijua. Alilitazama, akaona linaanza kama kamanda, kama kamishna, kama katibu, maneno ambayo hajawahi kuyaona yakikaa karibu na mtu wa kwao. Basi akatangaza. Alipita mlango kwa mlango akisema mwanangu sasa ni Kaimu wa hospitali, na majirani, ambao nao hawakutaka kuonekana hawajui, wakampa hongera na kumshika mkono kwa mikono miwili. Binti alipokuja kumweleza maana yake, mtaa mzima ulikuwa umeshamwita Kaimu, na jina lilikuwa limeshashika.

"Kaimu ni mtu anayekalia kiti mpaka mwenyewe aje," binti alisema.

"Na mwenyewe anakuja lini?"

"Baada ya miezi sita."

Mwenyewe alikuja baada ya miaka miwili. Mwenye mtoto kazini na aisome barua mara mbili, na neno asilolijua asilipigie vigelegele.

Huyo wa kwanza binti alimfundisha kazi miezi mitatu. Alipoijua, alipandishwa akawa mkuu wa stoo, na binti akaletewa barua nyingine ya kukaimu. Wa pili alikuwa mama mmoja mcheshi. Naye alifundishwa, akaijua, akaitwa makao makuu. Barua ya tatu ya kukaimu ilikuja na bahasha ileile, ila safari hii hawakuandika tarehe ya mwisho. Na ofisa utumishi, bwana aliyesimamia mambo ya wafanyakazi, kila mwaka alimwita binti ofisini kwake na kumwambia neno moja: tunakuandaa.

Mama alisikia hayo yote akasema subira. Aliisema asubuhi akimpa chai, aliisema jioni akimpokea mkoba. Mwaka mmoja hoteli ilimwita binti akawe msimamizi, neno hilo likiwa limeandikwa peke yake bila kaimu mbele yake. Mama alikosa hamu ya kula siku mbili. Hoteli hufungwa, alifikiri, lakini watu hawataacha kuugua. Akamwambia binti, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Binti akasema sawa mama, akabaki.

Sasa Jumatatu hiyo alikuwa ameletwa wa tatu. Alikuwa kijana mpole, msafi, mwenye adabu, na alikuja na mkoba wenye vyeti kumi na vinne. Kabla ya saa nne asubuhi wafuaji walikuwa wameshambatiza Bwana Vyeti. Karatasi yake ya kuripoti ilisema yeye ni Msimamizi Mtarajiwa. Nafasi yenyewe ingejazwa kwa usaili mwisho wa mwezi, usaili wa haki, na hata Kaimu anaruhusiwa kuomba. Mpaka hapo, Kaimu atamfundisha.

"Karibu, hiki ndicho kiti," ofisa utumishi alimwambia.

Bwana Vyeti alivuta suruali magotini ili isijikunje, akashuka kukaa. Kiti kikarudi nyuma. Alifikia sakafuni taratibu, akasema samahani, akasimama, akajaribu tena. Kiti kiligeuka, kikatoka mlangoni, kikavuka ukumbi wa mashine na kwenda kusimama nyuma ya binti, ambaye alikuwa mezani akitenganisha mashuka ya wodini na ya chumba cha upasuaji. Binti alihisi kitu kinamgusa nyuma ya magoti. Alikaa, akaendelea kutenganisha.

Wakati wa kutoka kazini kilimfuata. Mlinzi wa getini alisimamisha msafara.

"Kaimu, mali ya hospitali haitoki bila kibali."

"Mimi sijaitoa. Imetoka yenyewe."

Mlinzi alikitazama kiti. Kiti kilikuwa kimetulia kwenye foleni nyuma ya muuguzi mmoja, kinangoja zamu yake. Alifungua daftari la mali, akalifunga. Akafungua daftari la watu. Akaandika: Kiti, mweusi, anakwenda kwa Kaimu, saa kumi kasoro tano.

"Kesho kije na kitambulisho," alisema, akafungua geti.

Usiku ule mama alikuwa na wasiwasi wa polisi. Asubuhi alimwambia binti arudishe mali ya watu na aombe radhi. Binti aliirudisha. Saa kumi na robo ilikuwa imerudi naye. Ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Jumatano, mpaka mama akaacha kusema polisi na kuanza kulalamika juu ya magurudumu. Alitia tone la mafuta ya kupikia katika kila moja, na kilio kikaisha.

Hospitali haikukaa kimya. Alhamisi walinunua kiti kipya cha mbao, kisicho na gurudumu hata moja. Binti alifika nyumbani na kile cheusi, na nusu saa baadaye mlango ukagongwa. Kiti cha mbao kilikuwa kimekuja kwa miguu, kimejaa vumbi hadi kwenye mgongo, na mguu mmoja ulikuwa unachechemea. Mama alikiegemeza ukutani kipumzike. Wiki iliyofuata walileta cha plastiki. Hicho kilikuja kwa upepo, kikatangulia kufika hata kabla ya binti. Walileta kingine wakakifunga kwa mnyororo kwenye bomba la maji. Kilifika na kipande cha bomba, na idara ya kufulia ikakosa maji siku nzima.

"Wanakutafutia ubaya," mama alisema.

"Wananitafutia pa kukaa, mama, ila hawajui," binti alisema, akicheka. Alikuwa anavua viatu akiwa kwenye kiti cheusi, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekaa kwake. Mama hakuwahi kumwona amekaa hivyo.

Katikati ya mwezi, Bwana Vyeti aliamua kuonyesha uongozi. Alikuwa amesoma mahali kwamba joto huua vijidudu, jambo ambalo ni kweli. Akaandika amri, akaibandika ukutani chini ya bango la Mpango wa Kuendeleza Wafanyakazi: mashuka yote ya chumba cha upasuaji yaingie moja kwa moja kwenye maji ya moto.

"Kaka," binti alimwambia, "damu kwanza ni maji ya baridi. Ya moto baadaye."

"Dada yangu, nakuheshimu sana. Lakini hayo ni mazoea. Hii ni sayansi."

"Nakusikia. Ila mashuka hayajasoma."

Hilo la maji ya baridi binti hakujifunzia hospitalini. Mama alifua nguo za watu majumbani miaka thelathini, na alimfundisha akiwa bado anafikia beseni kwa kusimama juu ya tofali: damu haitaki moto, ukiipa moto inaingia ndani ya uzi na kukaa humo kama mpangaji mkorofi. Amri ilikuwa amri. Mashuka mia mbili na arobaini yaliingia kwenye maji ya moto na kutoka na mabaka ya kahawia. Chumba cha upasuaji kiliahirisha wagonjwa tisa. Bwana Vyeti alisimama mbele ya rundo lile, rangi imempotea, mkono mdomoni, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nifanye nini?"

Binti alimwambia la kufanya. Maji ya baridi, chumvi, kuloweka, kusugua kwa mkono, kubadilisha maji, kuloweka tena. Aliwapanga wafuaji zamu mbili, akamweka Bwana Vyeti kwenye beseni la tatu, na Bwana Vyeti, tuseme haki, alisugua mpaka vidole vikakunjamana. Baada ya siku mbili mashuka mia mbili na kumi yalikuwa meupe. Ripoti ilipoandikwa, ilisema hali hiyo iliokolewa chini ya uongozi wa Msimamizi Mtarajiwa. Iliandikwa na binti, kwa kuwa ripoti zote za idara ziliandikwa na binti, lakini sentensi hiyo iliongezwa huko juu, kwa wakubwa.

Siku iliyofuata mama alifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vyake vya misiba na harusi, akaenda kwa ofisa utumishi. Hakumwambia binti. Usaili ulikuwa umebaki siku nne.

Ofisi ilikuwa na zulia na kiti kikubwa cha ngozi. Ofisa alimpokea vizuri, akamwita mama yangu, akaagiza aletewe maji.

"Nimekuja kuuliza," mama alisema. "Mwanangu ataacha kukaimu lini?"

"Mama yangu, huyo ni hazina yetu. Tunamwandaa."

"Mwaka wa saba sasa."

"Uongozi hauna haraka."

"Baba, hata chakula kikiandaliwa mezani muda mrefu, hupoa. Wala hakitupwi kwa kuwa ni kibaya. Hutupwa kwa kuwa kimepoa."

Ofisa alicheka kwa moyo. Alisema maneno hayo ni mazuri sana, akachukua kalamu ayaandike kwa ajili ya hotuba yake ya mwezi ujao. Alipoinama kuandika, kiti cha ngozi kilitoka chini yake. Hakikumwangusha, kilitoka polepole kama mtu anayeondoka kanisani bila kutaka kukatiza. Ofisa akabaki amechuchumaa, kalamu mkononi.

"Na hiki nacho," alisema.

Mama aliuliza kwa nini, kwa kuwa hicho hakikuwa kiti cha msimamizi. Ofisa alisafisha koo. Mwongozo wa mafunzo ya wafanyakazi wapya, alisema, ule mwekundu wenye sahihi yake, huenda binti alisaidia kuuandika. Alisaidia kiasi gani? Kurasa zote, alisema ofisa, isipokuwa sahihi.

Kiti cha ngozi kilikuwa hakijui njia, basi kilimfuata mama. Alipita nacho mitaa mitatu. Watoto walikipisha. Muuza viatu alimsalimia mama kwanza, halafu akakisalimia kiti. Mama alinyoosha shingo. Alikuwa ameingia ofisini na hofu ya miaka yote, akatoka na kiti cha mkubwa nyuma yake, na hofu haikuonekana ilipobaki.

Jioni alipokuwa peke yake na binti alisema lililomkaa rohoni.

"Ile hoteli. Bado wanatafuta mtu?"

"Walishampata zamani, mama."

"Nani?"

"Mkunjaji wangu mmoja. Walinipigia wakaniuliza kama anaweza. Nikawaambia anaweza, nimemfundisha mwenyewe."

Mama aliangalia chini. Binti alimshika bega, akasema asijali, halafu akaenda kupiga pasi nguo za usaili. Hakusema neno la lawama, na mama alitamani angesema.

Usaili ulifanyika Ijumaa. Wakubwa walikuwa sita, na meza ndefu. Kiti cheusi kiliingia na binti, akakikalia. Wakubwa walikuwa wameketi walipoanza kuuliza. Waliuliza idara ina mashine ngapi, akawaambia, na akawaambia ipi itakufa kabla ya mwaka kwisha na itagharimu wagonjwa wangapi kulala bila shuka. Kiti cha mkubwa wa kwanza kilihama. Waliuliza kiongozi hufanya nini mfanyakazi akikosea. Alisema humweka kwenye beseni la tatu, pembeni yake mwenyewe. Vikahama viwili. Waliuliza maono yake ni yapi. Alisema kila mkunjaji ajue mashine moja, kila wa mashine ajue kuandika ripoti, na kila ripoti iwe na jina la aliyeiandika. Vilivyobaki vikahama vyote kwa pamoja, vikajipanga nyuma yake, safu mbili.

Wakubwa sita waliendelea wamesimama. Mmoja aliegemea meza. Walimpa alama tisini na sita kwa mia, za juu kuliko wote tangu usaili uanze kufanyika katika hospitali hiyo, na Bwana Vyeti, aliyeingia baada yake, alipata hamsini na tisa, akawashukuru, akasema mwenyewe kwamba yule dada anastahili.

Barua ilifika Jumanne. Binti aliisoma kwa sauti, na mama alifuatisha kwa kidole.

Ilisema hospitali inajivunia. Ilisema kutokana na ripoti ya mashuka, Bwana Vyeti amepandishwa kuwa Mratibu wa Idara zote za Kufulia. Ilisema nafasi ya Msimamizi inahitaji cheti cha uongozi ambacho mwombaji, pamoja na alama zake, hana, na kwamba cheti hicho hutolewa kwa waliokwisha kuwa wasimamizi. Kwa hiyo ataendelea kukaimu miezi sita, wakati Msimamizi Mtarajiwa mwingine anatafutwa. Mwishoni kulikuwa na waraka kwa wafanyakazi wote: imebainika kwamba kukaa sana huharibu mgongo, na kwamba msimamizi, kama jina lenyewe linavyosema, kazi yake ni kusimama. Kuanzia sasa uongozi utafanya vikao vyote wima.

"Wameona heri wasimame," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maisha yao yote?"

"Wanasema wanazoea."

Mama alihesabu viti vilivyokuwa ndani. Vilikuwa kumi na kimoja. Kitanda chake kilikuwa kimeshaegemezwa ukutani mchana ili vipate nafasi, na kile cha ngozi kilikuwa kinapenda kukaa dirishani. Alimuuliza binti ataijibuje barua. Binti alisema atasaini, kwa kuwa mashuka ya kesho yanahitaji mtu, lakini mwezi huu anaanza kuwafundisha wakunjaji wote kuandika ripoti, kila mmoja kwa jina lake, na hilo hataliombea kibali.

Mwezi uliofuata kulikuwa na semina ya uongozi kwa wakubwa wote. Ukumbi haukuwa na kiti hata kimoja, basi ofisa utumishi alimwandikia Kaimu akimwomba avilete vyake, na kwa kuwa atakuwepo, aeleze pia namna anavyoongoza idara yake. Mama alisindikiza. Viti kumi na kimoja vinahitaji mtu wa kuvivusha barabara, kimoja mbele na vingine vikifuata kwa mstari, na mama alikuwa ameshaijua kazi hiyo, kwa kuwa alivivusha kila siku asubuhi na saa kumi.

Aliiona semina kupitia kioo. Viti viliingia ukumbini, vikamzunguka binti, havikwenda kwa mtu mwingine. Binti alikaa kwenye kile cheusi. Wakubwa ishirini na wawili walisimama wakimzunguka, madaftari yakiwa mikononi. Alisema kwa saa tatu. Hakunyanyua sauti. Walipochoka miguu aliwaambia waegemee ukuta kwa zamu, wakaegemea kwa zamu. Alipowaambia waandike, waliandika. Ofisa utumishi alifunga semina kwa kuwashukuru viongozi kwa uongozi wao, akasema lile neno la chakula kilichoandaliwa mezani, nao wakapiga makofi. Vyeti vya uongozi viligawiwa kwa wote waliosimama.

Saa kumi kamili binti aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka, viti vikimfuata kimoja baada ya kingine mpaka cha plastiki. Mama alivihesabu mlangoni. Alipogeuka kutazama nyuma, wakubwa walikuwa bado ukumbini, wima, vyeti vimebanwa vifuani, wakiangaliana. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu aliyekuwa akiwaambia la kufanya alikuwa ameshatoka.

"Twende, mama," binti alisema. "Magari yamepungua."

Mama aliinua mkono kuyasimamisha magari, na viti vikaanza kuvuka.